Mara Saba Katika Yordani

  

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa tano. Ni habari za Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuwa mtu mwenye cheo na mali, tena shujaa wa vita, lakini alikuwa na ukoma. Akasafiri na farasi zake na magari yake na fedha nyingi mpaka mlangoni pa nabii Elisha. Nabii hakutoka hata kumwona. Alimtuma mjumbe tu, akamwagiza aende akaoge katika mto Yordani mara saba.

Naamani alikasirika sana. Alikuwa ametazamia jambo kubwa, nabii asimame mbele ya watu, aite jina la Mungu wake na kupunga mkono juu ya kidonda. Kuoga mtoni, tena mto mdogo wa nchi ya watu aliowadharau, aliona ni kuvunjiwa heshima. Alikuwa amekwisha geuza farasi wake arudi kwao na ugonjwa wake. Walikuwa watumishi wake waliomjia kwa upole wakamwuliza: kama nabii angemwagiza jambo gumu, je, asingelitenda? Basi kwa nini akatae lililo jepesi? Akashuka mtoni, akajichovya mara saba.

Ndugu wapenzi, tuitazame hesabu hiyo ya saba. Hatusomi kwamba alipoinuka mara ya kwanza alikuwa na nafuu, wala mara ya pili, wala mara ya sita. Alishuka tena na tena bila kuona kitu, kwa sababu ameagizwa. Hapo ndipo imani yake ilipokuwa, katika kushuka mara ya sita na kushuka tena mara ya saba.

Leo twataka kusema habari za ugonjwa unaotaka utii wa namna ile ile. Watu wengi huuita mafuta katika damu. Madaktari huuita kolesteroli nyingi.

Kolesteroli ni kitu gani? Ni mafuta ya namna ya nta, nayo kwa asili yake si adui. Mungu aliyetuumba ameiweka mwilini iwe na kazi. Kila chembe hai ya mwili huitumia katika ukuta wake. Ini huitumia kutengeneza nyongo inayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini letu wenyewe, na sehemu nyingine hutoka katika vyakula vya wanyama tunavyokula. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, husafiri ndani ya damu yakiwa yamebebwa na vichukuzi. Vichukuzi vya namna moja huitoa kwenye ini na kuipeleka mwilini, na inapozidi hujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu na kukaa humo. Hiyo ndiyo huitwa kolesteroli mbaya. Vichukuzi vya namna nyingine huiokota iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Hiyo huitwa nzuri.

Sisi wakaaji wa vilima vya Machakos twajua jinsi mfereji unavyojaa tope. Mvua moja haiuzibi. Kila mvua huleta tope kidogo, maji yakaendelea kupita, na mwenye shamba akapita kando yake asione neno. Kisha siku moja maji hayapiti. Mishipa inayoulisha moyo ni myembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Mafuta hujikusanya ndani ya kuta zake miaka ishirini, miaka thelathini. Siku moja kidonda cha mafuta hayo hupasuka, damu ikaganda juu yake, njia ikafungwa. Ikifungwa kwenye moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikifungwa kwenye ubongo, ni kiharusi.

Na katika miaka hiyo yote mtu hasikii kitu. Kolesteroli haiwashi wala haileti homa, na haimzuii mtu kulala. Hakuna awezaye kuitambua kwa kujitazama kwenye kioo, kwa maana hata watu wembamba wanayo, na wengine wamezaliwa nayo katika ukoo wao. Njia ni moja tu, kupimwa damu. Serikali yetu ilipochunguza afya ya watu wazima wa Kenya mwaka 2015, ilionekana kwamba watu kama 98 katika kila 100 hawakuwa wamepimwa kolesteroli hata mara moja.

Labda mzee mmoja anayetusikiliza atasema, "Hayo ni magonjwa ya Wazungu." Mzee wetu, zamani neno hilo lilikaribia kuwa kweli. Alikuwako daktari Mwingereza aitwaye Hugh Trowell, aliyefanya kazi hapa Kenya kisha miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, na habari zake zikastahili kuchapishwa, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la nadra. Trowell aliporudi Uingereza alipewa daraja ya ukasisi katika kanisa letu la Anglikana. Baadaye yeye na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyetumika pia Uganda, walihariri kitabu kilichotoka mwaka 1975, wakionya kwamba vyakula vilivyokobolewa na kuondolewa makapi vina sehemu katika magonjwa haya. Si kila walilosema limethibitika kama walivyolisema. Lakini waliuliza swali zuri: watu hawa wa Afrika Mashariki wanakula nini, na wanaishije, hata wasiugue kama sisi?

Leo mtu akienda katika hospitali zetu hataona mgonjwa mmoja wa kuandikwa jaridani. Ataona foleni. Damu yetu haikubadilika, bali maisha yetu yamebadilika.

Basi tufanye nini? Kuna mambo matatu, dawa, chakula na mwendo. Tuyatazame moja moja.

Kwanza, dawa. Dawa zinazotumiwa zaidi huitwa statini, na habari ya kupatikana kwake yafaa isimuliwe Ukambani. Sisi twaijua kuvu kwa ubaya wake. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwaua watu 125 katika sehemu za Mashariki na Kati ya Kenya, na Machakos ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizolia. Lakini miaka kama thelathini kabla ya msiba huo, mtaalamu wa Japani aitwaye Akira Endo, mwana wa wakulima, alikuwa amezichunguza kuvu zaidi ya 6,000, moja baada ya nyingine, akitafuta ile iwezayo kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli kupita kiasi. Mwaka 1973 aliipata katika kuvu ya rangi ya samawati na kijani iliyoota kwenye mchele. Kutokana na kazi yake zilikuja dawa za namna hii, na ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987. Endo aliaga dunia mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 90. Watu wengi wanaoishi kwa sababu yake hawajui hata jina lake.

Dawa hii hufanyaje kazi? Huizuia ini isitengeneze kolesteroli nyingi. Ini nalo, likiona limepungukiwa, huivuta kutoka katika damu. Hivyo damu husafika. Kiasi cha kawaida cha dawa hupunguza kolesteroli mbaya kwa kama theluthi moja, na kiasi kikubwa huweza kuipunguza kwa nusu. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu 4,444 wa nchi za Skandinavia, ambao wote walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Nusu yao walipewa dawa, na nusu vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miaka kama mitano, katika wale wasiopewa dawa walikuwa wamekufa 256, na katika wale waliopewa, 182. Ndugu zetu, tofauti hiyo ni watu 74. Ni baba 74 au mama 74 waliokaa mezani na watoto wao.

Si kila mtu mwenye kolesteroli iliyopanda kidogo hupewa vidonge. Daktari hutazama mambo mengi pamoja: umri, presha, sukari, uvutaji wa sigara, na kama mtu amekwisha kupata kiharusi au mshtuko wa moyo. Wengine huambiwa waanze na chakula na mwendo. Lakini aliyepewa dawa ajue kwamba haikutolewa kama dawa ya malaria, ambayo mtu huimeza siku chache akamaliza. Hii ni ya kila siku. Ukiiacha, kolesteroli hupanda tena katika majuma machache, nawe hutasikia ikipanda.

Watu wengine hupata maumivu ya misuli. Ukiyapata, usiitupe dawa kimya kimya, rudi kwa daktari akupunguzie au akubadilishie. Misuli ikiuma sana na mkojo ukawa mweusi kama chai, nenda hospitali upesi. Mama mwenye mimba au anayetazamia kupata mimba amwambie daktari, na yeyote anayetumia dawa nyingine azitaje zote, hata za mitishamba. Tena usimgawie jirani vidonge vyako kwa upendo. Upendo wa namna hiyo waweza kudhuru. Na ikiwa bei inakulemea, uliza dawa ile ile isiyo na jina la biashara. Hufanya kazi ile ile kwa fedha chache.

Pili, chakula. Hapa, wapenzi, Mungu alikuwa amekwisha kutuwekea meza kabla daktari hajaja. Bibi zetu walitulea kwa isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja na maganda yake. Walitupa kunde, mbaazi, ndengu, mtama na mboga za shambani. Leo wataalamu wanatuambia kwamba katika maharagwe, kunde na mbaazi kuna nyuzinyuzi laini zinazoikamata nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na ili kuitengeneza huchukua kolesteroli kutoka kwenye damu. Sufuria ya kunde inafanya kazi hiyo bila kelele. Hata muthokoi, chakula cha heshima kwetu, una maharagwe ndani yake, ijapokuwa mahindi yake yamepoteza ganda.

Ni nini kinachotudhuru zaidi? Ni mafuta ya wanyama, na mafuta yanayoganda kwenye kopo. Ni nyama ya mafuta kila siku ya soko, chipsi na maandazi yaliyokaangwa katika mafuta yaliyotumika jana na juzi. Hatusemi mtu asionje nyama. Twasema, ondoa mafuta yake, chagua samaki au kuku asiye na ngozi, chemsha badala ya kukaanga, na pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Parachichi la Machakos na karanga chache zina mafuta yaliyo bora kuliko ya kopo. Na sigara, hata moja, isiwemo.

Hapa yatupasa sisi wachungaji tuseme neno kwa washarika wetu. Kwa desturi yetu mgeni hupewa kipande kilichonona, na mchungaji ni mgeni kila nyumba. Akizuru nyumba nne siku moja, hukuta chapati nne na vikombe vinne vya chai yenye sukari nyingi. Twajua mnatupa kwa upendo, na Mungu awabariki. Lakini mkitupa matunda na uji wa wimbi, hatutaona tumedharauliwa. Vivyo hivyo katika harambee na karamu za arusi, akina mama mnaoshika mwiko mna huduma kubwa kuliko mnavyodhani. Mwiko ule unaweza kurefusha maisha ya mzee wa kanisa, au kuyafupisha.

Tatu, mwendo. Husemwa mara nyingi, "Mbona Wamaasai hula nyama na kunywa maziwa, na hawaugui moyo?" Swali hilo lilimleta daktari mmoja Mmarekani, George Mann, Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta kweli kwamba wanaume wa Kimaasai walikuwa na kolesteroli kidogo na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika habari za mioyo 50 ya Wamaasai waliokuwa wamekufa. Mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa yao, sawa na wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikapata njia. Mann aliamini kwamba walikingwa na mwendo wao, kwa maana walikuwa watu wa kutembea kutwa nyuma ya ng'ombe. Basi yeyote atakaye kula nyama ya Mmaasai, na atembee kwanza safari ya Mmaasai.

Sisi nasi tulikuwa watu wa kutembea. Mama zetu walipanda vilima vya Iveti na mitungi mgongoni. Baba zetu walichimba matuta kwa majembe ya mkono, na watoto walikwenda shule kwa miguu. Leo mtu hupanda bodaboda kutoka njia panda hadi kanisani, mwendo wa dakika kumi na tano. Wataalamu wa afya hushauri mtu mzima apate dakika 150 za mwendo wa haraka kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Hahitaji viatu vya bei wala uwanja. Ashuke kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chake, alime mwenyewe, aende ibadani kwa miguu akiimba. Aliye na maumivu ya kifua, au aliyekaa muda mrefu bila kazi ya mwili, amwone daktari kwanza, kisha aanze polepole.

Sasa twafika mahali pagumu. Tulimjua mzee mmoja wa kanisa, mtu wa sala, mwenye watoto wanaompenda. Daktari alimpima, akampa vidonge vya presha na vya kolesteroli. Akavitumia miezi michache, akawa hajambo. Kisha katika mkutano mmoja wa maombi alisikia ushuhuda wa mtu aliyetupa dawa zake kwa imani. Naye akaenda nyumbani akafanya vivyo hivyo. Hakusikia ubaya wo wote, na hilo lilimthibitishia kwamba amepona. Baada ya mwaka mmoja na kidogo, alfajiri moja, aliinuka kitandani, mguu wa kulia usimshike. Hakufa. Lakini leo mkewe humlisha kwa kijiko, na maneno humtoka kwa shida. Tulipomzuru alitwambia polepole, neno baada ya neno, "Nilidhani kutosikia maumivu ndiko kupona."

Ndugu wapenzi, hatusimulii haya ili kumhukumu. Aliipenda imani, na imani si kosa. Lakini ni nani aliyetufundisha kwamba dawa na imani ni mahasimu? Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia, akamwongezea miaka kumi na mitano. Na nabii Isaya yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa zilitoka kinywa kimoja. Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu, na hatusomi kwamba alipomfuata Kristo alitubu utabibu wake.

Mungu aweza kuponya kwa neno moja, nasi tumeona akiponya. Lakini aliyeponywa haogopi kupimwa. Wale kumi wenye ukoma aliowaponya Bwana Yesu aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa hiyo ukiamini kwamba Mungu amekuponya, usitupe vidonge. Nenda maabara, upimwe damu, daktari aseme. Kama umepona, damu yako itashuhudia, nasi tutamsifu Mungu pamoja nawe. Kama bado, umeokoa mguu wako wa kulia.

Kwa maana kumeza kidonge kila jioni, nacho hakikuletei nafuu unayoweza kuisikia, ni kama kushuka Yordani mara ya tano na ya sita. Kula kunde wakati jirani anakula chipsi ni kushuka tena. Kutembea asubuhi yenye baridi ni kushuka tena. Si jambo la kushangiliwa mkutanoni. Hakuna atakayepiga vigelegele kwa kuwa mzee amekumbuka kidonge chake. Lakini Mungu aonaye sirini auona utii ule mdogo.

Tena tukumbuke kwamba Naamani hakushuka peke yake. Kijakazi alimwonyesha njia, na watumishi walimtuliza hasira. Mgonjwa wa namna hii ahitaji mtu wa kumwuliza, "Baba, umekunywa dawa?" Wajukuu waweza kuifanya kazi hiyo. Umoja wa Mama na vyama vya wanaume waweza kuwaalika wauguzi baada ya ibada, wakawapima washarika presha na sukari, na kuwashauri waende hospitali wakapimwe kolesteroli. Na kila nyumba ijue dalili za hatari: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafula, maneno kukwama, au kifua kubana na jasho baridi kutoka. Hapo usingoje kupambazuke, wala usianze kuita watu wa kuomba kwanza. Tafuta gari, na mwombe mkiwa njiani.

Tuombe.

Ee Baba yetu, uliyetuumba na damu itembeayo ndani yetu, twakushukuru kwa mbegu za mashamba yetu na kwa akili uliyowapa waganga. Wakumbuke wote walio na ugonjwa wasiousikia. Uwape moyo wa kupimwa, na subira ya kushika waliyoagizwa, leo na kesho na kesho kutwa. Uwafariji waliolazwa na wale wanaowalisha. Utufundishe kutokuudharau mto ulio mdogo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.